Namba Tisini na Tisa

Wifi yangu wanamwita Fagio, na jina limemkaa. Katika mbio za baiskeli za wanawake, zile za siku sita, yeye ndiye dereva wa gari la mwisho. Msichana akianguka au akiishiwa nguvu, Fagio anasimama, anamfungulia mlango wa nyuma, baiskeli inafungwa juu ya gari, na karani anayeketi kando ya dereva anafungua pini, anaitoa namba mgongoni mwa msichana na kuiandika kwenye orodha. Fagio akishahakikisha kwamba nyuma hakuna mtu, anasema redioni maneno mawili tu: "Barabara wazi." Hapo askari wanayaachia malori yaliyozuiwa nyuma.

Kabla ya kazi hiyo aliendesha basi la shule miaka kumi na miwili, wala hakuwahi kumsahau mtoto. Kaka yangu alipomwoa nilimwona ana maringo, sitaficha. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na chai yangu aliiita maji ya kuoshea vikombe. Nilibadili mawazo nilipofanywa karani wake. Fagio hawaulizi wasichana wanaoingia garini kwa nini wameshindwa. Anawaambia tu, "Maji kwenye ndoo, mwanangu, taulo juu ya kiti," kisha anatazama mbele na kuwaacha walie mpaka watosheke.

Miaka sita iliyopita, siku ya tano ya mbio, kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, tulimpakia msichana aliyekuwa akitapika. Nikaitoa namba yake, ikaniponyoka, ikaangukia kiti. Nikaisoma ilivyolala: tisini na tisa. Kumbe ilikuwa kichwa chini miguu juu. Ilikuwa sitini na sita.

Tisini na tisa mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe kubwa, anajisaidia, na tukampita bila kumwona. Kwenye orodha yangu alikuwa garini, amekaa salama. Sitini na sita tulidhani yuko mbele na wenzake. Fagio akaniuliza, "Wametimia?" Nikasema wametimia. Akasema barabara wazi. Tisini na tisa akapanda baiskeli yake kutufuata, na lori la kokoto likamkuta kwenye kona.

Mimi ndiye niliyesoma. Yeye ndiye aliyelaumiwa, nusura afukuzwe, maana sauti ya redioni ilikuwa yake. Orodha yangu hakuna aliyeiomba, nami nikajikausha. Nikaomba kazi ya ofisini, nikapewa, na kwa miaka sita nikala kwake kila Jumapili kama mtu asiye na neno. Yeye naye hakunitaja kwa yeyote. Ila kwenye kalenda ya jikoni kila sita na kila tisa imepigiwa mstari chini, na vivyo hivyo kwenye saa ya ukutani na hata kwenye kidude cha televisheni. Kaka anatania kwamba siku moja ataamka amepigiwa mstari yeye. Mimi nacheka, macho kwenye sahani.

Mwaka huu mkuu wa mbio aliniita. Alisema kila mwaka Fagio akifika kwenye ile kona anasimama nusu saa nzima, barabara haifunguliwi, malori yanajaa mpaka mjini. Akiulizwa, jibu lake ni moja: kuna mtu nyuma. "Nenda ukae naye. Akichelewa zaidi ya dakika kumi, huyo hana kazi tena."

Basi nikarudi kwenye kiti changu cha zamani, na kalamu yangu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Wasichana wanne walikuwa nyuma, watatu wamelala, mmoja anakuna vumbi kwenye goti lililochubuka. Mwendesha baiskeli wa mwisho alitutangulia mteremkoni, akapotea chini. Tulipofika kwenye kona, Fagio akazima gari.

"Fagio, barabara?" redio ikauliza.

"Bado."

"Wifi," nikamwambia, "orodha imetimia. Nimehesabu mara tatu."

"Hata siku ile ulihesabu."

Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angenitukana.

"Tazama kioo," akasema.

Kwenye kioo cha pembeni niliona barabara, mstari mweupe, na lile jiwe. Ndipo nikasikia tik tik tik ya gurudumu linaloserereka bila kukanyagwa. Msichana akatokea nyuma ya jiwe, ameinama, uso haukuonekana. Nikageuka haraka nitazame kwa macho yangu. Barabara ilikuwa tupu. Nikarudi kwenye kioo, na alikuwa pale pale, mguu mmoja chini. Alikuwa amejipinda, ametugeuzia mgongo kama wanavyofanya wanapotaka kutolewa namba. Kioo hugeuza maandishi yote, lakini namba yake ilisomeka sawasawa: tisini na tisa.

Nikashika kitasa cha mlango.

"Nikienda anakuja, nikisimama anasimama," Fagio akasema. "Nimeshamfungulia mlango mara tano. Haingii."

"Anataka nini?"

Aliitazama kalamu yangu.

Redio ikafoka kwa sauti ya mkuu mwenyewe: "Fagio! Dakika mbili, halafu uachie usukani!"

Nilimwona akifumba macho. Alikuwa tayari kuipoteza kazi kuliko kumwacha yule mtoto mara ya pili. Nikaona haya ambayo sijawahi kuona maishani. Nikamnyang'anya redio.

"Hapa karani," nikasema, na magari yote ya msafara yakisikia. "Miaka sita iliyopita nilisoma namba kichwa chini. Aliyekuwa garini ni sitini na sita. Tisini na tisa alikuwa bado barabarani. Dereva hana kosa. Kosa ni langu, na nilinyamaza."

Fagio alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akarudi kwenye usukani. Nikaandika chini ya wale wanne: 99.

Gari likadidimia kidogo nyuma, kama linavyodidimia mtu anapokaa. Mlango ukajifunga taratibu. Yule mwenye goti bovu akasogea dirishani kupisha nafasi, wala hakuonekana kujua kwa nini. Harufu ya jasho na kokoto ikajaa garini.

Fagio hakugeuka. "Maji kwenye ndoo, mwanangu," akasema. "Taulo juu ya kiti." Kisha akachukua redio. "Barabara wazi."

Kioo kilikuwa na barabara tu.

Mwisho wa mbio wasichana wanne walishuka. Nilikusanya taulo tano, zote mbichi. Mkuu alikuwa akinisubiri. Kutokana na uso wake nilijua kalamu ile nitaiacha leo. Akapitisha kidole kwenye orodha, akakwama.

"Hii ni nini? Mwaka huu hatuna tisini na tisa. Au ni sitini na sita?"

Nikaichukua karatasi, nikaipigia namba mstari chini, nikamrudishia.