Dawa ya Dizeli na Kilima cha Kwenda Chonyonyo

Kila asubuhi lori la baba lilipowashwa, migomba ya nyuma ya nyumba yetu ilipotea machoni. Kwanza ulisikika mkwaruzo wa stata, kisha kikohozi, kisha kimya kilichotufanya sote tusimamishe vijiko, halafu likaunguruma na kutapika moshi mzito wenye harufu kali ya dizeli isiyoungua vizuri, harufu iliyoingia mpaka kwenye uji. Tulikaa Songambele, na baba alibeba ndizi na kahawa za wakulima wa huko kwa lori la tani saba lililokuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu. Tatizo lilikuwa vilima. Likifika kwenye mpando mrefu lilianza kukosa nguvu, moshi ukageuka mweusi kama masizi ya chungu, na abiria wakashuka wenyewe bila kuambiwa, wakatembea pembeni yake wakizungumza kama watu wanaosindikiza mgonjwa. Shuleni waliniita Kemi wa Kikohozi. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, msimu wa kahawa ulipoanza na nyua zote zikawa nyekundu kwa buni zilizoanikwa, kwaya yetu ya watoto ya usharika ilialikwa kwenye mashindano Chonyonyo. Mwaka uliotangulia tulialikwa vilevile, na baba ndiye aliyetupeleka. Tulipanda kwa miguu kilima kirefu cha kwenda Chonyonyo, vumbi likatujaa kooni, na tulipofika zamu yetu ilikuwa imeshapita. Tulikula wali wa watu, tukarudi bila kuimba hata ubeti mmoja. Kwa hiyo safari hii mwalimu wa kwaya alipokuja kuomba lori, aliomba kwa adabu sana, lakini aliuliza pia kama kuna lori jingine. Nilimwona baba akitazama chini.

Aliyeleta matumaini ni shangazi Koku, dada yake baba, aliyefanya biashara ya vitenge pale mpakani Murongo. Alikuja na chupa ya kimiminika cha rangi ya chai ya rangi, akasema ni dawa ya dizeli, madereva wa malori ya mbali wanaitumia kusafisha nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini. Baba hakuwa mtu wa kudanganyika. Madereva wenzake walichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ili injini iwe nyepesi, naye alikataa miaka yote, akisema mafuta ya taa yanakausha pampu. Lakini maandishi ya chupa ile yalikuwa ya Kiingereza, na mtu pekee nyumbani aliyekuwa akisoma Kiingereza nilikuwa mimi. Nilikaa nayo barazani jioni mbili mfululizo, kamusi ya mwalimu magotini, moyo ukinidunda kana kwamba nafanya mtihani wa taifa.

Siku ya Alhamisi baba alifungua tangi akitaka kuimimina chupa yote, kwa kuwa injini ilikuwa nzee. Nilimzuia. Hadi leo sijui ujasiri ule niliupata wapi.

"Baba, wameandika kizibo kimoja kwa kila lita ishirini. Na wameandika chujio liangaliwe, maana uchafu wa zamani utang'oka."

Alinitazama, akapima kwa kizibo kama nilivyosema, kisha akafunika tangi akaenda zake. Kuhusu chujio hakusema neno. Nilijua si kawaida mtoto kusikilizwa mara mbili kwa siku moja.

Jumamosi tulipanda arobaini na kitu, na lori likaondoka vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia. Tulipita Omurushaka tukipunga mikono. Kisha, hatua chache tu baada ya kuanza kile kilima, injini ikashtuka mara mbili, tatu, ikazima. Mmoja wa sauti ya kwanza alianza kulia kimyakimya. Nilishuka nikamkimbilia baba, nikamwambia nadhani chujio limeziba, huku nikiogopa atafikiri namlaumu.

Baba akainua kiti cha dereva. Chini yake kulikuwa na chujio jipya, limefungwa kwenye gazeti.

"Nilikusikia siku ile," alisema. "Ningelifunga hili mapema, nalo lingeziba. Niliacha uchafu utoke kwanza."

Alifungua lile la zamani na kumwaga kilichokuwemo kwenye nyasi. Yalitoka maji, kisha tope jeusi zito kama lami, masalio ya miaka yote ya dizeli chafu ya kununua kwenye madumu. Akafunga jipya, akalegeza skrubu ya kutoa upepo ulionaswa kwenye njia ya mafuta, akaniambia nipige pampu ya mkono. Nilipiga. Povu likatoka. Wenzangu wakaanza kuhesabu kwa sauti, hesabu ikageuka wimbo, na nilipokaribia kuishiwa nguvu povu likakoma, dizeli ikatiririka safi. Baba akakaza skrubu, akapanda, akawasha. Likashika.

Tulipanda kilima kile gia ya pili, hakuna aliyeshuka! Moshi ulikuwepo, lakini mwembamba, unaona mashamba kupitia kwake. Tulipiga vigelegele na makofi mpaka kileleni. Tulifika mapema, tukapewa zamu yetu, na tukaimba vibaya kupita kiasi, kwa kuwa sauti zote tulikuwa tumeziacha kilimani. Tulikuwa wa mwisho, na tulirudi nyumbani kama mabingwa.

Sasa mimi mwenyewe ni dereva. Nabeba kahawa kwa lori la kisasa, ambalo likiumwa linawasha taa ndogo mbele yangu nami nampigia fundi simu. Vijana wenye malori makuukuu huniuliza kuhusu dawa za dizeli, nami huwaambia ukweli: zinasafisha, lakini hazifufui pampu iliyokwisha, na hazimsaidii mtu asiyemwaga maji na kubadili chujio. Huenda hata siku ile kazi kubwa ilifanywa na chujio. Nilimwambia baba hivyo juzi, akasema alilijua hilo tangu zamani, ila ilikuwa zamu yangu kufurahi. Kile kilima nakimaliza leo kabla redio haijamaliza wimbo mmoja. Nikifika juu napiga honi mara moja, ndefu, na watu wa pale hugeuka kutazama nani anapita.