Jirani Aliyemwosha Binti Yangu Anahama kwa Sababu ya Jogoo Wangu

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nawasalimu. Naomba mnifichie jina, maana Koboko, huku Uganda, ni mji mdogo na tunajuana. Nina miaka arobaini na tatu. Kwetu ni Pajulu, upande wa Arua, ila niliolewa huku. Mume wangu alikwenda Juba kutafuta kazi, akapata mke mwingine hukohuko. Nilibaki na binti yangu mmoja tu, Ayikoru.

Ayikoru alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Siku nyingi alishindwa kwenda shule kwa maumivu ya mifupa, kwa hiyo nikamletea vifaranga ili awe na kitu cha kumshughulisha. Aliwapenda kupita kiasi. Jogoo mmoja alikuwa anatembea amevimbisha kifua, akampa jina la Afande. Asubuhi Afande akiwika, binti yangu alikuwa anamjibu akiwa bado kitandani, nami nikicheka huku nawasha mkaa.

Ayikoru alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza. Aliyemwosha pamoja nami ni jirani yangu, Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Kati ya nyumba zetu kuna ua wa matete tu, ukipika harufu inafika kwa mwenzio. Yeye hajui Kilugbara, mimi sijui lugha yao, tunazungumza Kiswahili chetu hiki cha huku. Baada ya msiba watu wengine waliacha kuniita kwa jina la mtoto, wakidhani wananionea huruma. Mama Keji peke yake aliendelea kuniita Mama Ayikoru.

Kisha mume wake, ambaye ni wa bodaboda, akagongwa na lori kwenye barabara ya Arua. Aliumia kichwa vibaya. Aliporudi kutoka hospitali hakuwa yule tuliyemjua. Sauti yoyote kali inamchoma. Afande akiwika, nasikia baba mzima ameshika kichwa analia kama mtoto, na watoto wake nao wanaanza kulia.

Mama Keji alikuja kwa upole. "Mama Ayikoru, nisaidie na hii jogoo. Baba Keji hapana lala."

Nilijitahidi. Nilihamisha banda hadi karibu na choo. Nilimfunika Afande kwa gunia. Aliwika humohumo ndani ya gunia. Mama Keji akaja tena, na tena, na kila alipokuja sauti yake ilikuwa imechoka zaidi. Nikamwambia, "Dada, unajua hii kuku ni ya nani. Siwezi kuchinja, siwezi kuuza."

Hapo ndipo akanitazama usoni akasema, "Wewe unachunga kuku ya mutu alikufa. Mimi nachunga mutu iko muzima."

Niliingia ndani nikakaa chini. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu hayakuwa uongo.

Asubuhi yake nilimfunga Afande miguu, nikapanda gari hadi Pajulu, nikamwachia kaka yangu. Nilimsihi amtunze, nikamweleza ni wa nani. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, dada."

Haikupita muda mrefu nikampigia simu kuulizia. Akasema wakwe walikuja ghafla kuzungumzia ndoa ya binti yake, na hapakuwa na kuku mwingine mkubwa. "Jogoo ni jogoo, dada yangu. Nitakununulia mwingine."

Nililia pale uani na simu mkononi. Sikujali nani anasikia.

Mama Keji alisikia. Alizunguka ua, akasimama mlangoni kwangu. "Mama Ayikoru, nimesikia. Ile maneno yangu ilikuwa mubaya. Samehe mimi."

Nilimwuliza, "Baba Keji sasa analala?"

"Analala."

"Basi imeisha," nikamwambia, nikafunga mlango mbele ya uso wake.

Tangu siku hiyo hatusemezani. Nikitoka kuchota maji, yeye anangoja nirudi ndipo atoke. Juzi mtoto wake mkubwa, Keji, alikuja kunirudishia sufuria yangu. Akasema mama yake anafunga vitu, wanarudi kambini, kwa sababu mama anasema hawezi kukaa mahali ameua moyo wa mtu. Kambini nyumba ni turubai, na hospitali iko mbali. Mume wake atatunzwaje huko?

Ndugu zangu, nitasema ukweli. Nikisikia kimya cha asubuhi, najua mgonjwa amepumzika, na bado hasira inanipanda. Namkasirikia mtu aliyelala. Halafu nakumbuka mikono ya Mama Keji ikimfuta binti yangu uso, taratibu, kama vile angeamka. Mara tatu nimefika kwenye ua wa matete nikashindwa kufungua mdomo.

Gari la kuwabeba linakuja Jumamosi. Ninyi mliowahi kuzika mtoto, na ninyi mliowahi kuuguza, nisaidieni kwa mawazo. Niende nimzuie, au nimwache aende na amani yake? Na nikienda, nianze na neno gani?