Shemeji amemupigisha Furaha magoti, mimi sikubali

Mufiche jina langu, shemeji yangu anasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, niko na mutoto mumoja wa miezi nane, tunaishi Mweso. Masomo niliachia mwaka wa pili sekondari, kwa hiyo mukiona makosa, mupite tu. Wengine wanaleta hapa mambo ya bwana na mapenzi. Mimi naleta kitabu. Nimekiandika mwenyewe, ni cha kwanza, kaye saba, yaani daftari saba, kwa kalamu ya biki.

Ni habari ya binti anaitwa Furaha, katika inchi isiyokuwa popote, inchi ambako milima inahama na nyati ziko na pembe za chuma. Mufalme wa Moshi amechoma kijiji chao, mama yake akafia humo. Kwetu mama akikufa, jembe lake linabaki kwa binti wa kwanza, na haliuzwi. Furaha analipeleka kwa mufua chuma: "Papa, nitolee mukuki humu." Muzee anakataa mara tatu. Mara ya nne, binti anavuta mivukuto yeye mwenyewe. Kuanzia pale ni vita tu. Anapanda nyati, anavuka muto wa nyoka, na katika kaye ya saba anapigana na askari mia moja wa majivu juu ya daraja ya kamba. Nilipoandika ile daraja nilikuwa nanyonyesha, na biki ilikimbia mpaka mutoto akaachilia ziwa, akaniangalia.

Mukiuliza ilitoka wapi: mimi ni wa upande wa Kibua. Tulipokimbia vita, mama yangu aliacha jembe lake shambani, katikati ya mistari ya maharagi. Alililia kuliko nyumba. Alikufia hapa Mweso akilima mashamba ya watu na jembe la kuazima. Mimi sikupata jembe. Njo maana Furaha nilimupatia.

Sasa, mama mukwe wangu anauza mandazi sokoni, na hajui kusoma. Huku kwetu kaye yenye kujaa ni karatasi ya kufungia, kila muntu anajua, na mimi mujinga niliacha kaye ya saba jikoni, juu ya gunia ya unga. Asubuhi nakuta jalada tu. Nilikimbia soko, mutoto mugongoni.

"Mama, kaye iko wapi?"

"Ile yenye kujaa? Imeisha, binti yangu. Na mandazi imeisha. Leo Mungu amenibariki!"

Nilikaa chini kwenye vumbi, nikalia.

Kesho yake, mama mumoja muuza mawese akamusimamia mama mukwe mbele ya beseni yake: "Wewe mama, karatasi ya jana, ule binti iko juu ya daraja, kamba inakatika. Alianguka ao hakuanguka?"

"Mimi nauza mandazi," mama mukwe akajibu, "siuzi daraja."

Lakini na wengine wakaja. Ndani ya juma moja karatasi zote zilirudi, zimelowa mafuta, moja iko na alama ya meno. Ya mwisho ililetwa na papa mumoja wa pikipiki, alikuwa ameikunja ndani ya kofia. Mama mukwe akaniambia nimusomee yote, yeye akikanda unga.

Mwisho wangu ni huu. Furaha anamukamata Mufalme wa Moshi. Hamuui. Anamupatia jembe, na anamulimisha kila shamba alilochoma, mulima kwa mulima, yeye iko nyuma na mukuki. Siku maharagi itaota kwenye mulima wa mwisho, njo atamuachilia.

Mama mukwe akaacha kukanda. "Alime," akasema. "Alime mpaka mugongo wake ukumbuke."

Kaka mukubwa wa bwana yangu, njo ule shemeji, iko na ordinateri, ile kompyuta, na mashini ya kutoa karatasi, na anaongoza korali ya kanisa. Akasema nimuletee, atanipigia kitabu. Nilifurahi sana. Mwezi muzima nilingoja. Aliponipa kazi yake, niliruka moja kwa moja kwenye mwisho. Furaha ametupa mukuki mutoni, amepiga magoti, anamuomba Mufalme wa Moshi musamaha, halafu anaolewa na mutoto wake!

"Musamaha ya nini, shemeji? Ya kuchomewa?"

"Kisasi ni cha Mungu. Watu watasema muke wa ndugu yangu iko na roho mubaya."

"Tunasali kanisa moja. Mimi sikuua muntu, nimemupatia kazi."

Akacheka. "Ao mwisho wangu, ao hakuna kitabu. Mashini ni yangu."

Bwana yangu ni muntu muzuri, hapendi ugomvi na mukubwa wake. Ananibembeleza: "Kubali tu, mama. Jina lako litakuwa juu. Cha pili utaandika namna unapenda." Nilimuuliza: "Ukilima maharagi, muntu aje ang'oe, apande majani, halafu aseme shamba ni jina lako, utashukuru?" Tangu pale tunakula bila kuongea, na hiyo inaniuma, kwa sababu ninamupenda.

Mama mukwe njo ameniletea kaye mupya. "Hizi," akasema, "sitafungia kitu." Nimeanza kukopi kitabu chote upya, na mwisho wangu, niko kwenye kaye ya pili.

Siku ya Mungu, jumapili hii, familia itakaa kikao kwa sababu yangu. Nimukatalie shemeji mbele ya wote, hata bwana yangu aone haya? Ao nikae kimya, nitafute mwenye mashini mwingine, nimuambie bwana kitabu kikiisha kutoka? Munisaidie mawazo, nyinyi munaojua kukaa na familia. Ila ule atakayeniandikia "kubali tu", ajue Furaha angali na mukuki wake, na mashamba ya kulima ingali mingi.