Uzi Wangu wa Masizi

Neno laini nililijua kwanza kama njia ya gari la moshi. Baba alikuwa akisema usicheze kwenye laini, nikaliogopa neno kabla sijaiona reli. Nilipofika Makadara nikakuta laini zimejaa: nyumba za safu moja ni laini, foleni ya maji ni laini, kamba ya nguo laini, hata polisi na wake zao wanakaa kambi inayoitwa laini. Mwalimu mmoja niliyemtengenezea kabati aliniambia huko kwa Waingereza neno hili lilianzia mbali, kwenye uzi wa kitani. Kabati alilirudisha, mlango haukufunga. Lakini la uzi nililiamini, maana mimi ni seremala.

Unauchovya uzi kwenye masizi na mafuta ya taa, unauvuta ukaze, unaunyanyua kwa vidole viwili, unauachilia upige mstari mweusi ubaoni. Pa! Gikomba, nilikojifunzia useremala, tulifundishwa hivi: laini ikishapigwa haifutwi, inafuatwa kwa msumeno.

Basi, miaka hiyo ya tisini wakaja wanaume watatu na mkebe wa rangi nyekundu. Barabara inapanuliwa, walisema. Chochote kati ya laini na barabara kinabomolewa leo hii. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa pale kona. Laini yao waliichora kwa mkono kwenye safu yetu ya vyumba vya mbao, iliyoanzia barabarani kwenda ndani. Ilianzia kwenye paa, ikapinda, ikakwepa mlango wa bibi mmoja mjane wa Pwani. Labda kwa sababu ya mahamri aliyowapa. Huyo bibi ndiye aliyenipa pa kulala nilipokuja mjini sina ndugu.

Na mimi na mdomo wangu! "Hii ni laini ama nyoka?"

"Piga wewe basi, fundi," mkubwa wao akacheka.

Nikaufunga uzi wangu wa masizi kwenye paa palepale walipoanzia, nikaning'iniza jiwe. Sikuangalia unapita wapi. Niliangalia umenyooka. Pa!

Mstari ukashuka katikati ya mlango wa bibi. Mkubwa akacheka tena, akaandika kitu. "Huyu ni fundi kweli." Wakaenda kunywa chai.

Bibi akafungua mlango, mwiko mkononi. Akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Mwanangu, umenipasua kama ubao?"

"Nitafuta, mama."

"Haya, futa."

Sabuni haikusaidia. Nikachukua randa nikauparua mlango wake palipopita mstari, toka juu hadi chini, maranda yanaangukia beseni la unga. Weusi ukatoka wote. Nikarudi nyuma hadi ng'ambo ya kichochoro nitazame.

Mbao zetu zilikuwa zimegeuka kahawia kwa moshi wa miaka mingi. Katikati yake ulisimama mstari mweupe, mpana kama kiganja, umenyooka kabisa.

Dereva wa tingatinga alikuwa ameuona pia. Akawasha injini. Bibi akaingia ndani kutoa karai lake la mahamri.