Busu Lililopita kwa Mbuzi

Mnisamehe kwa mwandiko, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na hapa ninaandikia gotini.

Kikundi chetu cha maombi kinakutana Kabungu, uani kwetu. Mwaka huu mzee anayetuongoza, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alisema turudie mambo ya Wakristo wa kwanza. Tukaanza na kula pamoja. Hilo halikumsumbua mtu. Halafu akasema wale watu walisalimiana kwa busu takatifu, kwa hiyo na sisi tukae duara, kila mtu ambusu shavuni aliye pembeni yake, mpaka busu lizunguke wote.

Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mimi naona aibu hata kusalimia, nikachagua kukaa wa mwisho kwa wanaume, maana aliyenifuata upande wa wanawake alikuwa bibi yangu. Busu likiwa njiani, bibi akaenda jikoni kugeuza maharage. Mama mmoja aliyechelewa akaja, akakaa kwenye kigoda cha bibi.

Alikuwa mama wa msichana niliyemposa. Jibu la posa lilikuwa bado.

Sisi ni Wasukuma, na yeye pia. Kwetu mkwe hashikwi hata mkono. Ukimwona njiani unapitia shambani. Nikimbusu, mke sina tena.

"Kijana, busu limefika kwako. Lisichachie hapo," mzee akasema.

"Huyu ni mkwe," nikasema, nikiangalia vidole vya miguu yangu.

"Kwani Wakristo wa kwanza hawakuwa na wakwe?"

Bibi akajibu kutoka jikoni, "Yule mtume mkubwa alikuwa na mama mkwe, akaugua homa. Nyie mnataka na huyu augue?"

Watu wakacheka. Yule mama alikuwa amejifunika khanga hadi puani. Akasema, akiuangalia ukuta, "Mwambieni aliweke kwa mbuzi."

Mwanambuzi wetu alikuwa ananitafunia kamba ya kandambili. Nikambusu kwenye paji la uso, nikamsukuma kwa yule mama. Mama akambusu palepale, akageuka kumbusu jirani yake, na busu likaendelea.

"Wale wa kwanza hawakupitishia kwa mbuzi," mzee akasema.

"Ulikuwepo?" mama akamuuliza.

Tukala maharage. Yalikuwa yameungua kidogo. Wakati wa kuondoka, mama akamnong'oneza bibi, lakini nilisikia: "Kwenye mahari, yule mbuzi awemo. Kijana ana adabu."

Sasa nampa mbuzi pumba kila asubuhi, asije akakonda kabla ya siku yake.

Shida ni kwamba mzee amesema safari ijayo turudishe kuoshana miguu. Nyie mnaosoma hapa, kama kwenu mmewahi kumwosha mkwe miguu bila kumgusa, niandikieni mlifanyaje. Andikeni herufi kubwa, nasoma polepole.