Beki wa Nyota na Maziko ya Bi Kijakazi

Mwaka hamsini na nne, ukitaja "Ukuta" hapa Tanga, hata mtoto anajua unamsema Uweso, beki wa Nyota, timu ya Chumbageni. Alitoka Ushongo mikono mitupu, miguu ndiyo iliyomtafutia riziki: wakubwa wa Nyota walimpatia kazi bandarini, mchana abebe robota za mkonge, jioni awachezee. Kwa mpira huohuo akampangia chumba mama yake, Bi Kijakazi. Kwa Uweso, fowadi akipita, mpira haupiti. Mpira ukipita, fowadi hapiti. Idarusi, fowadi wa Tufani, timu ya mtaa wa Mabawa, alikuwa na kovu ugokoni la kuthibitisha, na bado ndiye aliyemsifu kuliko wote. Aisifuye mvua imemnyea.

Wala usidhani mpira wa siku zile ulikwisha filimbi ikilia. Thubutu! Mtu wa Nyota hakumwoza binti yake kwa mtu wa Tufani, wala hakunywa kahawa kwenye baraza lao. Harusi zao mbali, misiba yao mbali.

Basi siku ya fainali, Nyota na Tufani, bila kwa bila, mvua imelowesha uwanja, zimebaki dakika chache. Uweso akataka kumrudishia kipa wake mpira kwa kichwa. Kipa kateleza. Mpira ukaingia golini taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa.

Kosa la kawaida hilo, linampata beki yeyote. Lakini mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wa Nyota, alikwisha kutoa hukumu kabla hajafika nyumbani: Uweso kauza mechi. "La kuvunda halina ubani," akasema. "Asisemeshwe na mtu mpaka klabu ikae, baada ya Idi."

Loo! Mtaa mzima ukamsusa. Akitoa salamu barazani, watu wanatazama pembeni. Bandarini anabeba peke yake, anapumzika peke yake. Akitoka msikitini, viatu vilivyobaki mlangoni ni vyake tu, wenziwe wameshatangulia. Upweke ulimtafuna, tusifichane. Mama yake akimwuliza mbona rafiki zake hawaji siku hizi, alimjibu wana shughuli. Kilichomshikilia ni kile kikao: akinyamaza, akavumilia, huenda wakamsikiliza wakamrudisha timuni.

Kabla ya kikao, Bi Kijakazi akafariki.

Wanawake wa mtaa walikuja, wakiingilia mlango wa uani. Wakamwosha, wakamkafini, wakamlilia. Ugomvi wa mpira hauwahusu. Wanaume je? Uweso alikaa barazani kwake na shekhe, wawili tu, jeneza tayari, jua linapinda. Shekhe kila mara alitazama njiani, kisha akainamisha kichwa. Na jeneza halibebwi na watu wawili.

Ndipo wakatokea watu wa Mabawa, wamevaa kanzu na kofia, Idarusi mbele. Alimpa Uweso mkono wa pole, kisha akamvuta kando.

"Ndugu yangu, nisikilize," akasema. "Tukikubebea sisi, kwenu umekwisha. Watasema huo ndio ushahidi wenyewe. Ukitaka tungoje hapa mpaka wenzio waje, tutangoja."

Uweso akaitazama ile njia mara ya mwisho. Alijua Idarusi anasema kweli. Alijua pia kwamba hakuna ajaye.

"Mama yangu hangoji kikao cha mtu," akasema. "Shikeni."

Njia ya makaburini inapita mbele ya klabu ya Nyota. Watu waliokuwa barazani wakainuka, maana maiti ni maiti, na ada yetu jeneza likipita unalipokea, japo hatua mbili tatu. Hakuna aliyepokea. Mzee Mwinyijuma, wala hakuishusha sauti, akasema, "Mmewaona wenziwe?"

Uweso alisikia. Kosa la kichwa lilikuwa na kikao cha kulisikiliza, hili halina. Akabadilisha bega, akaendelea na safari katikati ya watu aliowapiga daluga miaka yote, akilia waziwazi.