Suruali Iliyobaki Kwenye Mashine

Awiti, jirani yangu hapa Kiganjo, alishona suruali za kupeleka ng'ambo katika kiwanda kimoja cha Thika. Korona ilipofunga maduka ya huko, oda zilikatwa na wafanyakazi wakatolewa asubuhi moja, mashine zikiwa bado moto.

Dadake aliye Ujerumani pia alisimamishwa kazi hotelini, lakini serikali ya huko ilimlipa akae nyumbani, kazi ikimngoja. Serikali yetu ilipunguza ushuru wa mishahara. Mshahara gani, jamani? Kisha ikaajiri vijana kufyeka nyasi mtaani. Mimi na Awiti tulipewa slasha, tukapangwa nje ya kiwanda kilekile.

Awiti alichungulia dirishani. Suruali yake ilikuwa bado chini ya sindano, nusu imeshonwa, imejaa vumbi.

Kiwanda hakikufunguliwa tena. Siku hizi Awiti anauza mitumba Githurai. Lakini kila akiketi kula, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kama anayeendesha pedeli ya cherehani. Juzi binti yake alimshika goti ili atulie.

"Ngoja kidogo," Awiti akamwambia, "nimalize ile suruali."